Wapinzani Waliomjenga Einstein

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kiliingia Afrika kutoka Atlantiki, kikavuka Gaboni na misitu ya Kongo, kikapita juu ya kaskazini-mashariki ya Zambia ya leo na ncha ya kaskazini ya Malawi, kikaishia Msumbiji jua likikaribia kuzama. Kilwa yetu ya Haut-Katanga, ukingoni mwa Ziwa Mweru, haikuwa mbali na njia hiyo. Siku hiyohiyo, kisiwani Príncipe, Mwingereza Arthur Eddington alikuwa akipiga picha za nyota zilizoonekana kando ya jua lililofunikwa, na wenzake walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo mjini Sobral, Brazil. Vitabu vingi huisimulia siku ile kama pigano la watu wawili: Newton akaanguka, Einstein akasimama, mambo yakaisha. Mimi naona masimulizi hayo yanaficha jambo kubwa zaidi. Kupatwa kwa jua kule kulikuwa na maana kwa sababu mezani kulikuwa na majibu zaidi ya moja, na kila jibu lilikuwa limeandikwa kwa tarakimu kabla kivuli hakijafika. Hoja yangu ni kwamba nadharia mbadala za graviti, zile zinazosema Einstein amekosea au hajamaliza, ndizo zilizoipa nadharia yake uzito ilio nao leo. Bila wapinzani wale, tungekuwa na imani juu ya Einstein, lakini tusingekuwa na ushahidi.

Tuanze na kile kinachobishaniwa. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kila kitu chenye masi hukivuta kingine, na kwamba mvuto huo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka: umbali ukiwa mara mbili, mvuto unabaki robo. Kwa kanuni hiyo moja watu walihesabu njia za sayari, kupwa na kujaa kwa bahari, na baadaye njia za vyombo vilivyopeleka binadamu mwezini. Lakini Newton hakusema mvuto huo hupitaje katika nafasi tupu. Mwezi Novemba 1915 Albert Einstein alitoa jibu lake katika nadharia ya jumla ya uhusianifu. Kwake hakuna kamba isiyoonekana inayovuta. Masi na nishati hupinda nafasi pamoja na wakati, na vitu hufuata njia iliyo nyoofu kuliko zote ndani ya mpindo huo. Dunia huzunguka jua kwa sababu njia yake nyoofu katika nafasi-wakati iliyopindwa na jua ni hiyo hiyo ya kuzunguka. Pale mvuto ulipo hafifu na mwendo ni mdogo, hesabu za Einstein hutoa majibu yaleyale ya Newton. Pale mvuto ulipo mkali, majibu huachana.

Wakati huo Einstein hakuwa peke yake. Gunnar Nordström wa Helsinki alikuwa ameunda nadharia yake ya graviti mwaka 1912 na 1913, nzuri kwa hesabu, na Einstein mwenyewe aliichukua kwa uzito. Katika nadharia ya Nordström mwanga haupindi hata kidogo unapopita kando ya jua. Ukimfuata Newton na kuuchukulia mwanga kama chembe zinazovutwa, utapinda kwa sekunde 0.87 za pembe. Ukimfuata Einstein, utapinda kwa sekunde 1.75. Sekunde moja ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Katika picha za darubini kubwa zilizotumika mwaka 1919, sekunde moja ilikuwa sawa na sehemu moja ya 60 ya milimita juu ya kioo, nayo nyota nyingi zilikuwa mbali kidogo na ukingo wa jua, hivyo zilihama kidogo kuliko ambavyo zingehama ukingoni penyewe. Waliopima walichukua kioo chenye picha ya nyota kando ya jua, wakakilinganisha na kioo cha nyota zilezile zilizopigwa picha usiku jua likiwa mbali, wakasoma tofauti chini ya lenzi. Príncipe mawingu yaliharibu kazi, na kati ya vioo 16 ni viwili tu vilivyofaa: vikatoa sekunde 1.61. Lenzi ndogo ya Sobral ilitoa 1.98. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919. Tazama vizuri kilichotokea. Kama ingekuwepo nadharia moja tu, kuona nyota zikihama kungekuwa kioja cha angani. Kwa kuwa zilikuwepo sifuri, 0.87 na 1.75, kioo kile kiligeuka hakimu.

Wapo wanaopinga hapa, na pingamizi lao lina msingi. Wanasema Eddington alikuwa shabiki wa Einstein tangu mwanzo, na kwamba darubini nyingine ya Sobral ilitoa jibu la 0.93, karibu na la Newton, likawekwa kando. Ni kweli jibu hilo liliwekwa kando. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba joto la jua lilikuwa limeharibu kioo cha darubini ile na nyota zikatoka zimefifia kingo. Tungekuwa na ushahidi huo tu, ningekubali kwamba kesi haijaisha. Lakini sayansi haikuishia hapo. Mwaka 1922 wanafalaki wa Marekani walikwenda Wallal, Australia, kupima kupatwa kwingine, wakapata jibu la Einstein kwa usahihi mkubwa zaidi. Vioo vya Sobral vilipimwa upya mwaka 1979 kwa mashine mpya, na hata vile vilivyokuwa vimewekwa kando vilitoa jibu lililo karibu zaidi na la Einstein kuliko la Newton. Leo darubini za redio hupima mpindo huo bila kungoja kupatwa kwa jua, na jibu linasimama palepale kwa usahihi wa takriban sehemu moja katika 10,000. Mtu mmoja anaweza kuwa na upendeleo, lakini upendeleo wake hauwezi kuongoza vyombo vya watu wengine kwa miaka 100.

Kutokana na hili linatoka jambo ambalo magazeti hulikosea mara nyingi. Husemwa kwamba simu inayokuonyesha ulipo, iwe barabarani Lubumbashi au ndani ya boti katika Ziwa Mweru, ni uthibitisho kwamba Einstein yuko sahihi dhidi ya wote. Simu hiyo husikiliza saa zilizo katika setilaiti, kilomita 20,200 hivi juu yetu. Huko juu mvuto ni mdogo, na saa huenda mbele. Mwendo wa setilaiti nao huirudisha nyuma kidogo. Ukijumlisha yote mawili, saa ya setilaiti hutangulia ya ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Katika muda huo mdogo mwanga husafiri zaidi ya kilomita 11, kwa hiyo wahandisi hurekebisha saa hizo kabla hazijarushwa. Ni ushahidi mzuri kwamba mvuto hubadili mwendo wa wakati. Lakini Nordström naye alisema hivyo, na karibu kila mpinzani mkubwa wa Einstein anasema hivyohivyo. Kwa hiyo simu yako inamshinda Newton, lakini haichagui kati ya Einstein na wapinzani wake wa kisasa. Jaribio lina nguvu pale tu washindani wanapotoa majibu tofauti, na hatuwezi kujua majaribio ya namna hiyo ni yapi kabla mtu hajakaa chini akaandika nadharia nyingine.

Ndiyo sababu mwaka 1961 ni muhimu karibu sawa na 1919. Carl Brans na Robert Dicke wa Princeton walitoa nadharia iliyokubali nafasi-wakati iliyopinda ya Einstein, lakini ikaongeza kitu: uga wa ziada unaoenea ulimwenguni kote na kufanya nguvu ya graviti ibadilike kufuatana na mahali na wakati. Katika hesabu zao kulikuwa na namba moja isiyojulikana. Namba hiyo ikiwa ndogo, ulimwengu uko mbali na Einstein. Ikiwa kubwa sana, nadharia yao na ya Einstein haziwezi kutofautishwa. Ghafla wapimaji walipata kazi. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo mwezini, na miali ya leza ikaanza kupima umbali wa mwezi. Kenneth Nordtvedt na Clifford Will walitengeneza utaratibu wa hesabu unaoziweka nadharia nyingi katika jedwali moja, kila moja na namba zake, ili jaribio moja liweze kuzihukumu zote pamoja. Mwaka 2002 chombo cha Cassini, kikiwa safarini kwenda Zohali, kilituma mawimbi ya redio yaliyopita kando ya jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalilingana na Einstein ndani ya takriban sehemu 2 kati ya 100,000. Namba ya Brans na Dicke, ambayo mwanzoni ilidhaniwa kuwa ya kawaida tu, ililazimika kuzidi 40,000. Nadharia yao haikufa rasmi. Imebaki hai kwa sharti la kufanana na Einstein kila mahali tunapoweza kuigusa.

Hilo ndilo sharti linalomkabili kila anayekuja na nadharia mpya. Daraja jipya likijengwa mahali pa la zamani kwenye barabara ya malori ya shaba, halipimwi kwanza kwa uzuri wake. Lazima libebe malori yote ambayo la zamani lilibeba, ndipo liulizwe linaweza kubeba nini zaidi. Einstein mwenyewe alitimiza sharti hilo kwa Newton. Alieleza yote ambayo Newton alieleza, kisha akaeleza njia ya sayari ya Utaridi, ambayo mhimili wake huhama sekunde 43 za pembe kila miaka 100 zaidi ya hesabu za Newton. Anayetaka kumrithi Einstein ana mzigo mkubwa zaidi. Lazima aeleze Utaridi, Cassini na leza za mwezi. Lazima aeleze pia jozi ya nyota za nyutroni iliyogunduliwa na Russell Hulse na Joseph Taylor mwaka 1974, ambazo huzungukana kwa chini ya saa 8 na muda wa mzunguko wao hupungua kwa sehemu 76 hivi za milioni ya sekunde kila mwaka, kwa sababu zinapoteza nishati kwa mawimbi ya graviti. Upungufu huo unalingana na hesabu ya Einstein ndani ya asilimia 0.2. Nadharia nyingi zenye uga wa ziada hutabiri kwamba mifumo ya namna hii itapoteza nishati haraka zaidi, na nyingine zimeachwa kwa sababu hiyo tu.

Hapo msomaji anaweza kuuliza: kama Einstein anashinda kila mara, kwa nini wataalamu bado wanatafuta kingine? Jibu liko mbali na jua letu. Katika mfumo wa jua, sayari ya mbali huenda polepole: Dunia huenda kilomita 30 kwa sekunde, Neptuni kilomita 5 na kidogo. Tungetarajia nyota zilizo pembezoni mwa galaksi nazo ziende polepole. Vera Rubin na Kent Ford waliipima galaksi ya Andromeda, wakachapisha kazi yao mwaka 1970, na vipimo vya galaksi nyingi vilivyofuata vikasema jambo moja: nyota za pembezoni huenda karibu sawa na zile za ndani. Ama kuna maada nyingi isiyoonekana inayozivuta, iitwayo maada ya giza, ama kanuni ya graviti hubadilika huko. Historia imeshatuonyesha njia zote mbili, tena kwa mtu mmoja. Urbain Le Verrier aliona Uranus ikikengeuka, akasema ipo sayari isiyoonekana, na mwaka 1846 Neptuni ikaonekana pale alipoelekeza. Mwaka 1859 aliona Utaridi nayo ikikengeuka, na baadaye akashikilia kwamba ipo sayari nyingine karibu na jua. Ikaitwa Vulcan, ikatafutwa kwa miaka mingi, haikuwepo. Mara ya kwanza tatizo lilikuwa maada iliyofichika. Mara ya pili tatizo lilikuwa kanuni yenyewe. Hakuna hekima ya jumla inayoweza kutuambia mapema tuko katika kisa kipi. Ni vipimo tu.

Mordehai Milgrom alichagua njia ya kanuni. Mwaka 1983 alipendekeza kwamba mvuto unapokuwa hafifu kupita kiwango fulani, kama mara bilioni 80 chini ya mvuto tunaousikia ardhini, haupungui tena kama Newton alivyosema, bali hupungua taratibu zaidi. Kwa namba moja tu, pendekezo lake linaeleza mwendo wa nyota katika galaksi nyingi sana, ukijua tu nyota na gesi inayoonekana iko wapi. Hilo ni fanikio la kweli, na anayelidharau hajalisoma. Waumini wa maada ya giza wanadaiwa maelezo: kwa nini kitu kisichoonekana kinajipanga hivi kwamba maada inayoonekana inatosha kubashiri mwendo? Lakini pendekezo la Milgrom la mwanzo lilikuwa kanuni ya Newton iliyorekebishwa. Halikusema lolote la hakika juu ya mwanga unaopinda wala juu ya ulimwengu unaopanuka. Kwa maneno mengine, lilieleza galaksi likaacha mzigo mwingine wote chini.

Sehemu ya mzigo huo iligunduliwa kutoka pwani yetu ya Waswahili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka katika jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, lililokuwa likiendeshwa na Waitaliano. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo upande wa Marekani, alipendekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya wenyeji wao. Pwani ile ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta, mahali ambapo roketi ndogo hupata msaada mkubwa wa mzunguko wa Dunia. Setilaiti ilijizungusha polepole huku vifaa vyake vikifagia anga kipande kwa kipande, na hadi mwaka 1973 ilikuwa imeorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, kilimetameta haraka mno, na ufuatiliaji wake ukakifanya kuwa cha kwanza kuaminika kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa kisayansi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hoja yetu jambo kubwa zaidi ni jingine: Uhuru ilionyesha kwamba vichanja vya galaksi, yaani makundi makubwa ya galaksi kama kile cha Coma, vimejaa mwanga wa eksirei ulioenea kati ya galaksi na galaksi. Ilikuja kufahamika kwamba huo ni mng'ao wa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, na kwamba katika vichanja vikubwa gesi hiyo ina masi mara kadhaa kuliko nyota zote zilizomo.

Gesi hiyo imewabana washindani wote wawili. Fritz Zwicky alikuwa ameona tangu 1933 kwamba galaksi za Coma zinakwenda kasi mno kwa maada inayoonekana. Uhuru ilipoonyesha gesi, ilikuwa wazi kwamba sehemu ya maada iliyokosekana ilikuwa maada ya kawaida kabisa, isiyoonekana kwa macho tu. Lakini hata ukiihesabu, haitoshi. Kwa kanuni ya Milgrom nayo haitoshi: vichanja hubaki na upungufu wa kama nusu, na watetezi wake hulazimika kuongeza maada fulani isiyoonekana, jambo walilotaka kuliepuka. Mwaka 2006 ulikuja ushahidi mkali zaidi kutoka kwa vichanja viwili vilivyopitana kwa kishindo, vinavyoitwa kwa pamoja Kichanja cha Risasi. Gesi zao ziligongana zikabaki katikati. Galaksi zilipita bila kugusana. Kwa kuwa maada nyingi inayoonekana ni gesi, mpindo mkubwa wa mwanga ungetarajiwa katikati. Ulipopimwa, ulikuwa upande wa galaksi. Kitu chenye masi nyingi kilipita pamoja nazo bila kugongana na chochote. Mpindo huohuo wa mwanga uliopimwa Príncipe kwa nyota chache sasa ulikuwa mizani ya kupimia kisichoonekana.

Pigo jingine lilikuja tarehe 17 Agosti 2017. Nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya mwanga milioni 130 hivi zilituma mawimbi ya graviti, na sekunde 1.7 baada yake ukafika mmweko wa miali ya gama. Baada ya safari ya miaka milioni 130, tofauti ilikuwa chini ya sekunde mbili. Kasi ya mawimbi ya graviti na kasi ya mwanga, kama zinatofautiana, hazitofautiani zaidi ya sehemu chache katika milioni bilioni. Einstein alisema ni sawa kabisa. Lakini nadharia kadhaa zilizoundwa kueleza upanukaji wa ulimwengu, pamoja na ile ambayo Jacob Bekenstein aliitoa mwaka 2004 ili kuipa kanuni ya Milgrom umbo la uhusianifu, zilihitaji kasi mbili tofauti. Siku moja ikafuta kazi ya miaka. Kambi hiyo haikukata tamaa: mwaka 2021 Constantinos Skordis na Tom Złośnik walichapisha nadharia nyingine inayotimiza sharti la kasi na kulingana na mwanga wa kale uliobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga. Kila jaribio linapopita, mpinzani anayebaki huwa amevaa zaidi nguo za Einstein, na ugomvi husogea mahali palipo finyu zaidi.

Kuna wanaosema kwamba haya yote ni ukaidi wa wakubwa: wanamlinda Einstein, wanabuni maada ya giza kama Le Verrier alivyobuni Vulcan, na wanawazuia wenye mawazo mapya. Sehemu ya lawama hiyo naikubali. Chembe za maada ya giza zimetafutwa kwa mitambo mikubwa chini ya ardhi kwa miongo kadhaa, na hakuna iliyopatikana kwa uhakika. Deni hilo liko wazi na halipaswi kufichwa. Lakini mlinganisho na Vulcan una kikomo. Vulcan ilibuniwa kutatua tatizo moja. Maada ya giza inahitajika katika galaksi, katika vichanja, katika mpindo wa mwanga, na katika mwanga ule wa kale, tena kwa kiasi kinacholingana. Na habari ya wakubwa kumlinda Einstein haiafikiani na kumbukumbu. Brans, Dicke, Milgrom na Bekenstein walifanya kazi katika vyuo vikuu, walichapisha katika majarida yaleyale, na vipimo vya gharama kubwa vilifanywa ili kuwapima kwa haki. Anayeonyesha kwa vipimo kwamba Einstein amekosea atakuwa amepata fahari kubwa kuliko mwanasayansi yeyote wa zama hizi. Hakuna sababu ya kuificha.

Wala Einstein hana kinga ya milele. Nadharia yake ikifuatwa hadi kitovu cha shimo jeusi hutoa majibu yasiyo na mwisho, dalili kwamba imefika mahali isipoweza kusema. Haijaoanishwa na nadharia ya kwanta, inayotawala ulimwengu wa atomi. Tangu 1998 tunajua pia kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, na kueleza hilo ama tunarudisha neno ambalo Einstein aliliongeza katika milinganyo yake mwaka 1917, ama tunabadili graviti katika umbali mkubwa. Wanaobadili wamelazimika kubuni njia za kuifanya graviti yao mpya ijifiche pale penye maada nyingi, ili isionekane katika mfumo wa jua, ambako Cassini ingeikamata. Msomaji anaweza kuona hiyo kama hila. Mimi naona ni uaminifu, maadamu nadharia inataja mahali pengine ambako mficho huo utafunuka. Nadharia inayojificha kila mahali haisemi chochote. Inayojificha hapa na kujitokeza kule imekubali kuhukumiwa.

Kwa hiyo habari zikifika Kilwa au Lubumbashi kwamba Einstein amepinduliwa, na hufika kila mwaka, mwalimu au mwanafunzi ana haki ya kuuliza maswali matatu. Je, nadharia hii mpya inatoa majibu sahihi kwa Utaridi, kwa Cassini na kwa nyota za nyutroni? Je, inatoa namba tofauti na ya Einstein mahali fulani panapoweza kupimwa? Na je, mwenye nadharia amesema kabla ya kupima ni jibu gani litamfanya aiache? Nadharia nyingi zinazotembea mitaani huanguka katika swali la kwanza, na nyingine katika la tatu. Chache zinazopita zinastahili heshima hata kama mwisho zitashindwa, kwa kuwa ndizo zinazotuonyesha pa kuelekeza darubini. Kazi hiyo sasa inasogea tena kwetu: Kenya na Zambia ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, ambao moja ya kazi zake ni kufuatilia nyota za nyutroni na kuipima graviti vikali zaidi kuliko ilivyopimwa hadi leo. Mwaka 1919 kivuli kilipita juu ya Kongo, na vioo vilivyotoa hukumu vilikuwa Príncipe na Sobral. Vijana wetu wanaosoma fizikia leo wanaweza kuwa upande wa wapimaji, na upande wa watakaoandika nadharia zitakazopimwa. Watakaomsaidia Einstein zaidi ni wale watakaojitahidi kwa uaminifu wote kuonyesha kwamba amekosea.